Macho ya Karatasi Juu ya Kopo la Sukari

Habari yenyewe ililetwa na Kipaza, na kama kawaida mtaa mzima uliisikia kabla hajafika kwenye benchi. Kipaza ni muuza nyama. Miaka yote amekuwa akipiga kelele kushindana na shoka lake mwenyewe, basi hata akikunong'oneza siri, watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka kukutazama. Asubuhi hiyo alikuja na simu mkononi, aproni bado ina damu, akatangaza kwamba wataalamu wamegundua dawa ya wizi.

Benchi liko nje ya saluni ya kinyozi mmoja wanayemwita Wembe. Kila siku Wembe huchemsha kahawa, huijaza kwenye chupa kubwa na kuiweka ndani, kwenye kona iliyo nyuma ya pazia, anapoweka pia ndoo za maji na taulo. Wenyeji wa benchi huingia mmoja mmoja kujimiminia, wakatoka na vikombe vyao kuja kuisema dunia.

Kipaza alisoma habari yake. Kwenye ofisi moja huko mbali wafanyakazi walikuwa wakiiba maziwa ya chai. Mkubwa wao hakumkaripia mtu, hakuweka kufuli. Alibandika tu picha ya macho juu ya meza ya chai, macho matupu yasiyo na hata pua, na kuanzia hapo maziwa yakaacha kupungua.

"Picha tu?" akauliza Zamu.

"Picha tu."

"Haipigi kengele?"

"Haipigi kitu. Inakutazama."

Zamu ni mlinzi wa ghala. Usiku analinda, mchana anakuja benchini kupumzika, na watu wanaolijua ghala lile wanasema tofauti ni ndogo. Yeye alisema jambo hilo si geni hata kidogo. Kazini kwao kuna kamera nne, na moja kati ya hizo ni ganda tupu ambalo nyigu wamejenga ndani. Lakini bosi mwenyewe, anayejua fika kwamba mle mna nyigu, akipita chini yake anachomekea shati.

"Na wewe unalala wapi?" Wembe akamuuliza.

"Mimi silali kazini."

"Ukilala."

"Chini ya ile ya nyigu," akasema Zamu.

Hapo mazungumzo yakapata moto. Mama Cherehani, fundi nguo wa chumba cha pili, aliingilia kutoka dirishani kwake bila kusimamisha mashine. Alisema wao wanahangaika na maziwa, yeye anahangaika na matumbo. Mwanamke akija kupimwa na mumewe amesimama pale, anavuta tumbo ndani mpaka futi inazunguka mara mbili. Gauni likiisha, tumbo limesharudi kwao, na mwenye makosa anakuwa fundi. Siku hizi akiona mume yuko karibu, anamtuma akamnunulie uzi. Mume akitoka tu, mke anapumua, na kipimo cha kweli kinapatikana.

"Kwa hiyo mimi nasema kinyume," akamaliza. "Mtu anasema kweli akiwa hatazamwi."

Kipaza alipinga. Alisema yeye dukani anakata nyama vizuri zaidi mteja akiwa amemkodolea macho. Benchi zima likamgeukia. Wembe akamuuliza, na mteja akipokea simu je? Kipaza akakohoa, akasema mifupa nayo ni sehemu ya ng'ombe.

Mtu aliyekuwa kimya zaidi hapo alikuwa Randa, fundi seremala, mwenye mwili mkubwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kwa kawaida Randa haachi mjadala upite bila kuutia msumari. Lakini neno kutazamwa lilikuwa limemgusa pabaya, na sababu yake ilikuwa imekaa naye benchi moja, goti kwa goti. Zamu ni mdogo wa mke wake.

Mambo yalikuwa hivi. Daktari alimkataza Randa vitu viwili, sukari na chumvi. Chumvi haikumsumbua sana, maana hapiki yeye. Mke wake aliifungia kabatini, kabati ambalo Randa alilitengeneza mwenyewe na kwa bahati mbaya alilitengeneza vizuri. Vita yake ilikuwa sukari. Mara mbili alikuwa ameapa nyumbani kwamba hagusi, na mara mbili kola ya shati ilikutwa na chembechembe. Mara ya pili mke wake hakugombana naye. Alikaa kwenye kochi, akakunja mikono, akasema kwa upole wa kutisha, "Mume wangu, nikisikia tena umegusa kimoja kati ya hivyo viwili, namleta mama aje akuangalie. Sitaki kugombana na wewe. Mama ataishi hapa."

Mama mkwe huyo aliwahi kuwa mkuu wa jiko kwenye shule ya bweni. Alikuwa anajua nani kaongeza ugali kwa kumtazama anavyotembea. Mwaka mmoja alikuja kwa Randa kupumzika wiki mbili tu, na kufikia wiki ya pili Randa alikuwa anakiri makosa ambayo hakuyafanya, ili mradi aache kutazamwa. Alikiri kuvunja kikombe ambacho baadaye kilikutwa kizima. Basi Zamu kukaa benchini hakukuwa kwa ajili ya kupumzika peke yake. Kila siku dada yake alimpigia simu mida ya mchana kuuliza shemeji yake amekunywa nini.

Randa alijaribu kuyageuza maongezi. Alisema kutazamwa au kutotazamwa, kazi ni kazi, yeye kabati zake anazipiga randa pande zote.

"Hata mgongoni?" akauliza Wembe.

"Mgongo wa kabati unaegemea ukuta, bwana. Nani anautazama?"

"Mimi. Nilihamisha langu mwezi uliopita. Nilidhani nimegeuza boksi la nyanya."

Walipomaliza kucheka, Wembe alisimama mlangoni akajifuta mikono. Alisema habari ya Kipaza imekuja wakati mzuri, kwa sababu hapo hapo saluni kuna mgonjwa anayehitaji dawa hiyo. Kila mmoja akatazama kikombe chake.

Wiki iliyotangulia, Wembe alikuwa ameweka sheria. Sukari ilikuwa inaisha kuliko kahawa yenyewe, basi akasema kuanzia sasa kopo la sukari ni la wateja wanaosubiri kunyolewa. Wenyeji wa benchi watakunywa chungu. Hakuna aliyebisha. Kipaza alisema sukari ni ya watoto. Zamu alisema mlinzi anahitaji kahawa inayouma. Randa, mbele ya shemeji yake, alisema amesahau hata sukari ina ladha gani. Lakini tangu siku hiyo wateja walikuwa wachache, na kopo likaendelea kushuka kama maji ya tangi lililotoboka.

"Sasa nasema mara ya mwisho," akasema Wembe. "Leo likipungua tena, chupa ya kahawa inarudi nyumbani kwa mke wangu, na ninyi mtakuja hapa kunywa hewa."

Halafu akaingia ndani, akabandua bango la zamani la mitindo ya nywele. Kijana wa kwenye bango alikuwa amefifia kwa jua, nywele zimepotea, mdomo umepotea, macho tu ndiyo yaliyobaki na nguvu. Wembe aliyakata kwa mkasi wa kazi, akaenda kuyabandika nyuma ya pazia, juu ya kopo. Akarudi akasema kahawa iko tayari, karibuni. Kisha mteja akaingia, akakaa kwenye kiti, na Wembe akaanza kumpaka povu.

Kipaza alikuwa wa kwanza kwenda. Alikawia kidogo, akatoka na uso mtakatifu. Alisema yale macho yanatisha kweli, yanakufuata kona zote. Zamu akafuata. Naye alikawia, naye akatoka ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka kupokea cheti. Randa akaona zamu yake imefika, akainuka, magoti yakalia.

Alivuta pazia, akaingia, akalirudisha. Alikuwa amejiandaa kwa mapambano. Njia nzima, ambayo ilikuwa hatua chache tu, alijiambia kwamba leo hapana, leo atakunywa chungu kama mwanaume. Akainua uso kuyakabili yale macho.

Macho hayakuwepo. Pale yalipobandikwa palikuwa pananing'inia taulo.

Randa alisimama akilitazama taulo lile, na kifua chake kikajaa upendo wa ndugu. Mtu amepita hapa. Mtu mwenye shida kama zake. Aliliinua pembe moja ili ahakikishe, akakutana na jicho la kushoto likimtazama bila kupepesa, akasema samahani, akalirudishia. Kwenye ukuta wa pembeni kulikuwa na kipande cha kioo kilichovunjika, na humo aliona macho mengine mawili, ya kwake mwenyewe. Hayo hayakumsumbua. Walishazoeana.

Kopo halikuwa limefungwa vizuri. Akachota kijiko, akachota cha pili, na kwa sababu ya wasiwasi akachota cha tatu. Akakoroga kwa ufundi, polepole, bila kijiko kugusa kikombe, maana Zamu ana masikio. Akatoka.

"Umeyaona?" akauliza Kipaza.

"Yanatisha," akasema Randa, akakaa.

Wembe naye alitoka wakati huo. Alimwacha mteja ndani na povu kidevuni, eti povu likae kidogo lilainishe ndevu, akaja kukaa kizingitini, wembe mkononi, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Randa akapiga funda.

Kwanza alidhani ni ugonjwa. Alidhani ulimi wake umefika mwisho wa safari. Halafu akili ikamrudia, akaelewa kwamba mdomoni mwake kuna chumvi, chumvi ya kutosha kutia sufuria la harusi, na kwamba Wembe anamtazama, na Zamu anamtazama, na kwamba hakuna namna ya kusema kahawa hii ina chumvi bila kusema nimefungua kopo. Akameza. Koo lilikataa, akalilazimisha. Machozi yalifika mlangoni, akayarudisha.

"Ndiyo kahawa hii," akasema.

"Imekolea," akasema Kipaza, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane sauti yake ilitoka ndogo. Randa akamtazama. Kipaza alikuwa anameza kama mtu anayemeza ufunguo. Akamgeukia Zamu. Zamu alikuwa amefumba jicho moja, na lile lililobaki lilikuwa linatiririka.

"Vipi, shemeji?"

"Moshi," akasema Zamu.

Hapakuwa na moshi.

Basi wakaendelea. Walizungumza kuhusu uaminifu, na kila mmoja akanywa, kwa sababu Wembe alikuwa amekaa pale na asiyekunywa angeulizwa kwa nini. Kipaza alisema tatizo la dunia ni watu kukosa hofu, akapiga funda, akatetemeka bega. Zamu alisema mtu mwaminifu ni mwaminifu hata gizani, akapiga funda, akashika ukingo wa benchi. Randa alisema yeye amelelewa hivyo tangu mdogo, akapiga funda, akaliona duka la ng'ambo limekuwa mawili. Walikuwa wanakunywa haraka ili iishe, na Wembe akauliza kama awaongezee. Wote watatu wakasema hapana kwa pamoja.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipotoka kwake, mkanda wa kupimia shingoni, akasema kichwa kinamuuma, anataka kahawa. Mwanawe alikuwa anasubiri kunyolewa, kwa hiyo kwa sheria za pale yeye alikuwa mteja. Wembe alinyanyua mkono kama anayetaka kusema kitu, lakini mteja wake wa ndani akaita kwamba povu limekauka, ikabidi akimbilie. Mama Cherehani akapita nyuma ya pazia. Walimsikia akisema, "Nani kamvisha huyu taulo?" Wakasikia kijiko kikigonga kikombe bila aibu yoyote. Akatoka, akasimama katikati yao, akanywa, akatema yote barabarani.

"Wembe, umeweka chumvi."



"Chumvi?" akasema Kipaza, kwa mshangao mkubwa, huku kikombe chake kikiwa kimebaki tope la chini.

Mama Cherehani aliwatazama. Ni mwanamke aliyezoea kujua vipimo vya watu kwa jicho. Alichovya kidole kwenye kikombe cha Kipaza, akalamba, akasema hii ni bahari. Akachovya cha Zamu, akasema hii unaweza kuhifadhia samaki mpaka mwakani. Alipofika cha Randa alichovya, akalamba. Alikaa chini.

"Baba," akasema, "vijiko vitatu? Wewe ulikuwa unataka kujiua?"

Wembe alitokea mlangoni amejishikilia kwa kicheko. Alisema usiku uliopita alimwaga sukari yote akaweka chumvi, akingoja aone nani atakunja uso. Yale macho hakuyaamini, aliyaweka kuwapa heshima tu. Na kilichomshinda ni kwamba hakuna aliyekunja uso. "Nilikaa pale nikawatazama mnavyokunywa kwa amani," akasema, "nikaanza kuona haya. Nikasema nimewadhania vibaya ndugu zangu. Kidogo niwaombe msamaha."

Kipaza alitaka kujua ni nani aliyeweka taulo. Zamu akasema yeye alilikuta. Wakamtazama Kipaza, na Kipaza akasema alikuwa na mikono yenye maji, akatafuta pa kulianika.

Wengine walicheka, lakini Randa hakucheka. Alikuwa anamtazama Zamu, na Zamu alikuwa anatazama saa. Mchana ulikuwa umefika. Randa akamvuta pembeni, na kwa kuwa Kipaza aliwafuata akirudia kila neno, makubaliano yao yalisikika na wote. Zamu alisema hawezi kumdanganya dada yake, tangu utoto hajaweza, akitazamwa naye miguu inalegea. Randa akasema hatakiwi kudanganya. Aulizwe nini? Ataulizwa shemeji yako ameweka sukari? Na sukari haikuwemo kwenye kopo, haikuwemo saluni, haikuwemo mtaani kwa jinsi hali ilivyo. Aseme kweli tupu.

Zamu alifikiri. Uso wake ukachanua. "Shemeji," akasema, "leo wewe ni mtu safi."

Simu ikalia. Ilikuwa ya video, maana dada mtu hakuwa mtu wa kuridhika na sauti. Zamu aliishika mbele, na sura ya mke wa Randa ikajaa kwenye kioo, macho makubwa, kitambaa kichwani, nyuma yake lile kabati.

"Shemeji yako amekunywa nini?"

"Kahawa, dada."

"Na sukari?"

"Hata chembe."

"Nitazame."

Zamu akamtazama. Miguu haikulegea. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliifurahia mpaka akatabasamu. Mke akasema mpe yeye. Randa akaichukua simu, akamtazama mke wake ndani ya macho kama ambavyo hakuwahi kumtazama tangu siku ya ndoa.

"Mke wangu," akasema, "naapa, leo haijaingia mdomoni mwangu hata chembe moja ya sukari."

Mke alimsoma paji la uso, akamsoma midomo, akamsoma nyusi zenye vumbi. Akashusha pumzi. Uso wake ukalainika, na Randa akaona, kwa dalili zote, kwamba ameaminiwa.

"Mbona macho yamekuwa mekundu?" akauliza, lakini kwa huruma.

Randa alifungua mdomo. Hatujui angejibu nini, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo, kwa sababu Kipaza alikuwa amesimama nyuma yake, moyo umemjaa undugu, na aliona rafiki yake anahitaji shahidi. Akainamia simu, akatoa ile sauti yake yote.

"Shemeji, mimi nathibitisha! Huyu bwana hajagusa sukari. Vijiko vyote vitatu alivyoweka ni vya chumvi!"

Mashine ya mtu mmoja iliyokuwa inasaga kitu mahali fulani ikazimwa. Mama Cherehani akafunika uso kwa mkanda wa kupimia. Kwenye simu, mke hakupandisha sauti.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi tupu," akasema Kipaza, bado anasaidia.

Mke alitikisa kichwa polepole, mara moja tu. Halafu akamuuliza mumewe kama karakana kwake kuna mbao za kutosha. Randa akasema zipo. Akauliza kama ni kavu. Randa akasema ni kavu.

"Basi tengeneza kitanda," akasema mke. "Kiwe kipana, mama hapendi kubanana. Na mgongo wake uupige randa, yeye anakagua nyuma."

Simu ikakatika.

Zamu alirudisha simu mfukoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakudanganya. Kipaza aliuliza kwani amesema vibaya. Mteja wa Wembe, nusu ya kidevu ikiwa imenyolewa, alitoka mlangoni akauliza kama kuna mtu anayeendelea na kazi humu.

Randa akainuka. Alikiweka kikombe chini taratibu, akakung'uta suruali. Wembe, ambaye sasa alikuwa anamhurumia, akamwambia akae kidogo, atachemsha kahawa nyingine, ya kweli, na yale macho atayabandua.

"Yaache," akasema Randa, akiitafuta penseli yake nyuma ya sikio. "Nataka nije niyaombe radhi. Hayo angalau hayana mdomo."

Akashika njia ya karakana. Walimwona amefika kona, akasimama, akageuka nyuma, akatazama huku na huku kama kuna anayemtazama. Benchi zima lilikuwa linamtazama. Akachomekea shati, akaenda.